Hapa Hakuna Mangula

Amri ilikuja kwa simu ya reli. Mkuu wa stesheni alimtuma mtu aniite, nikaenda mbio nikidhani kuna msiba, kumbe ni bosi wangu, Mzee Hermenegildi, ananguruma kutoka Ifakara. Alisema nisiguse kitu chochote. Alisema fundi wetu Anselim anakuja kesho, na kama naye atashindwa kuifanya mashine isikike hewani kabla ya treni ya jioni, basi atapanda nayo treni hiyo na kituo kitafungwa. "Na wewe tutaangalia pa kukuweka," alisema, akakata bila hata kuniaga.

Nilisimama pale na simu mkononi nikiwa nimefura. Mradi mzima ulikuwa ukijigamba kwa wageni kwamba sisi tunawasiliana bila waya, na sasa tulikuwa tunatishana kufukuzana kazi kwa waya wa reli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, mradi wetu wa mvua na mito uliweka vituo vinne bondeni: Ifakara, ambako ndiko ofisi kuu, Mlimba, Mofu, na hapa kwetu chini ya milima ya Udzungwa. Kila kituo kilipewa laptopu, redio, antena juu ya mlingoti, na kiboksi cha modemu kilichogeuza maandishi kuwa mlio. Unaandika hapa, redio inalia kriii, na Ifakara wanasoma ulichoandika. Kila asubuhi nilikwenda kwenye kipima mvua, nikarudi, nikatuma namba, na watu wa Mofu wakajua mapema kama milimani kumenyesha na maji yanawaendea kwenye mpunga. Niliipenda kazi hiyo na sioni haya kusema. Mimi ni Frida, binti wa Mwalimu Digna wa darasa la kwanza, mtu wa hapa hapa.

Laptopu zile hazikuwa na picha za kubofya. Zilitumia Linux, ambayo Anselim aliipakia kwa rundo la disketi huku akiisifia kwamba haina mwenyewe na wala hainunuliwi. Ilikuwa ni maandishi matupu kwenye skrini nyeusi. Wengine vituoni waliiogopa, wakawa wanabonyeza yale tu waliyoonyeshwa. Mimi nilifundishwa na Anselim namna ya kufungua faili, kulirekebisha na kulifunga, na mengine nikajisomea kwenye kurasa za maelezo zilizokuwa humo humo ndani ya mashine.

Ubaya ulikuwa kwenye jina. Kila baada ya muda mfupi kila mashine ilijitangaza hewani yenyewe, bila kuambiwa na mtu, na tangazo lake likatokea kwenye skrini za vituo vyote. Hapa Ifakara. Hapa Mlimba. Hapa Mofu. Na ya kwangu: Hapa Mangula.

Mangula! Sijui huko Mangula ni wapi. Hakuna mtu wa hapa aliyezaliwa huko wala aliyezikwa huko. Mama yangu amewafundisha kusoma watoto wa kijiji hiki tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna kilichomkera kama mtoto anayeandika ngombe. "Huyo hali majani wala hatoi maziwa," alikuwa akisema, huku chaki ikigonga ubao. "Huyo hayupo." Alituonyesha kwamba kuna kung'oa, ambayo ni kazi ya jembe, na kuna ngoa, ambayo ni wivu, na kinachotenganisha maneno hayo ni kialama kidogo kinachoitwa ritifaa. Ukikisahau, unarudi ubaoni mbele ya wenzako. Nimerudi ubaoni mara nyingi, ndiyo maana sasa sikisahau.

Nililisema jambo hili kikaoni Ifakara. Nilisimama, nikasema kwa heshima kwamba jina la kituo chetu limekosewa, naomba lirekebishwe. Wenzangu wakacheka. Mzee Hermenegildi ni mtu wa Mahenge, amepita seminari, Kipogoro chake kimenyooka, na ng' anaitamka vizuri kuliko mimi. Nilidhani angenielewa. "Binti," alinijibu, "kompyuta haina ng'ombe. Kaa chini."

Nikakaa. Niliporudi kituoni nikafungua lile faili ambalo mashine hulisoma inapowashwa ili iamshe redio. Nikalikuta jina, nikatia ritifaa mahali pake, nikafunga faili. Siku hiyo hakikubadilika kitu, kwa sababu mashine ilikuwa imeshawaka, na faili lile husomwa wakati wa kuwasha tu. Nikasema moyoni, siku tutakapozima na kuwasha itajitangaza sawasawa, na wao waje waniambie nikae chini.

Wiki iliyofuata Mashimba alizima kila kitu ili aongeze maji kwenye betri. Mashimba ndiye mlinzi wetu na ndiye mwangalizi wa betri na sola, Msukuma aliyeshuka bondeni na ng'ombe wa baba yake, akaoa huku, akajenga huku. Tukawasha tena asubuhi. Kituo kikawa bubu.

Basi mzee alipokata simu nikarudi kituoni na neno lake la usiguse, nikagusa kila kitu. Mtu hawezi kuniambia nikae nimekunja mikono huku kazi yangu inafungwa kwenye gunia. Nilianza na betri: ilikuwa na nguvu. Redio iliwaka taa yake ya kijani. Nikaongeza sauti, nikaisikia Ifakara ikilia kriii, na baadaye Mofu, ya kwake ikiwa nyembamba zaidi. Mashimba akapanda mlingoti kuangalia kama nyani wametafuna waya wa antena, maana wana tabia hiyo. Waya ulikuwa mzima. "Masikio yapo," akasema aliposhuka. "Mdomo ndio umefungwa."

Nikaiuliza laptopu yenyewe inaona njia gani za kuzungumza na wengine. Siku zote ilikuwa inanijibu kwa kunionyesha njia mbili. Moja inaitwa lo, ambayo mashine huitumia kuzungumza na nafsi yake, na ya pili ni ya redio. Safari hii ikanionyesha lo peke yake. Redio ilikuwa pale mezani, waya umechomekwa, taa inawaka, na mashine inasema haijawahi kuisikia. Nilizima, nikawasha, nikauliza tena, jibu likawa lile lile. Nikaitukana kwa Kindamba, mahali ambapo mama hakuweza kunisikia.

Anselim alifika siku ya pili na begi lake la vifaa, miwani imejaa vumbi. Alikuwa kijana wa rika langu, amesomea Dar es Salaam, si mtu mbaya. Kabla hajakaa akauliza swali ambalo mafundi wote huuliza.

"Nani amegusa?"

"Mimi," nikasema.

"Umegusa nini?"

"Nimegusa betri, redio na waya. Mashimba amegusa antena. Na kabla ya hapo niligusa jina, nimeliandika inavyotakiwa."

Anselim akatikisa mkono. "Jina haliwezi kuzima redio, dada Frida. Jina ni pambo tu." Akavuta kiti, akaanza.

Akabadilisha waya wa modemu, akatia mwingine aliokuja nao. Akafungua kiboksi, akakipuliza, akakifunga. Akazima, akawasha, akauliza njia, akapewa lo. Akajaribu amri nyingine ambazo sikuwa nazijua, nikasimama nyuma yake nikizisoma ili nizijue. Mashimba akaleta wali na kambale, Anselim akala kwa mkono mmoja huku wa pili uko kwenye kibodi. Jua likaanza kuinamia milima ya Udzungwa naye akaanza kutoka jasho, akawa anaangalia dirishani upande wa stesheni.

"Mzee amesemaje hasa?" nikamuuliza.

"Akiita na kituo kisijibu kabla treni haijaondoka, nifungashe."

"Na meza ya kuiweka mashine hii huko ofisini imeshapatikana?"

Akageuka tena kuangalia stesheni, nikajua imeshapatikana.

Mwishowe akaacha kuzima na kuwasha, akaliamuru lile faili la redio lijiendeshe peke yake tukiliangalia. Mashine ikasema, kwa Kiingereza chake kikavu, kwamba imefika mwisho wa faili na bado inatafuta alama ya kufunga. Ikataja mstari. Tukaenda kwenye mstari huo, ukawa wa mwisho kabisa, na hauna kitu.

"Inatafuta alama gani?" nikauliza.

Anselim akainamia skrini. Akawa anapanda mstari mmoja mmoja kuelekea juu, midomo ikimchezacheza, hadi akafika kwenye jina. Hapo akasimama, akavua miwani, akacheka hadi Mashimba akaja mlangoni.

"Kumbe ni wewe kweli! Angalia." Akagusa skrini kwa kidole. "Jina nimelifungia ndani ya alama mbili, moja mwanzo, moja mwisho. Ya kwanza inafungua, ya pili inafunga. Sasa wewe umetia hiki kiritifaa chako katikati, na kwenye kibodi ni alama ile ile moja. Mashine ikakisoma ikadhani jina limeishia Mang. Ilipofika kwenye alama yangu ya mwisho ikadhani sasa tunafungua neno jingine. Ikaingia kulitafuta hadi mwisho wa faili, ikakata tamaa. Redio haikuamshwa."

Kabla sijasema neno alikuwa ameshaifuta ritifaa na kuwasha upya. Redio ikalia. Nikauliza njia, zikaja mbili. Na kwenye skrini likatokea tangazo letu lenyewe linatoka kwenda bondeni kote: Hapa Mangula.

Mashimba akapiga makofi. Anselim akajinyoosha kwenye kiti, mtu aliyepona. "Basi, yameisha," akasema. "Na usiwe na wasiwasi, mimi si mchongezi. Nitamwambia mzee ulikuwa waya."

Alidhani ananifanyia wema, na kweli ulikuwa wema. Nikakasirika hata masikio yakapata moto.

"Usiseme waya," nikamwambia. "Sema Frida ameandika jina la kwao. Mimi sikukosea, Anselim. Aliyekosea ni aliyelifunga jina letu kwa alama ambayo imo ndani ya jina letu. Rudisha ritifaa."

"Dada, usinitie kwenye noma. Mashine inasikika. Kituo kinabaki, kazi yako inabaki. Unataka nini tena?"

"Nataka jina. Njia ipo au haipo?"

Akaifuta miwani kwa shati, akachelewa kuirudisha machoni. Nikajua ipo. Mashimba alikuwa bado mlangoni, ameegemea. Yeye na watu wa huku tuna maneno mengi juu ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga, na mimi mwenyewe nimeshamfokea, lakini siku hiyo alizungumza kabla yetu sote.

"Bwana fundi, mimi kwetu ni Ng'wanza," akasema. "Ukimuuliza bibi yangu atakwambia hivyo, Ng'wanza. Walipokuja wenye kalamu wakaona tabu, wakaandika Mwanza. Sisi tukanyamaza. Leo hata mwanangu anasema Mwanza, nikimrekebisha ananicheka." Akaangalia chini. "Wasukuma ni wengi sana, na tulinyamaza. Hawa wa hapa ni wachache."

Anselim akavaa miwani.

"Njia ipo," akasema. "Unafuta zile alama moja moja nilizofungia jina, unaweka zile za mbili mbili za kunukuu maneno, mwanzo na mwisho. Hapo mashine itasubiri za mbili mbili ndiyo ifunge, na ritifaa itapita katikati kama herufi nyingine yoyote. Lakini mimi sigusi. Ukiharibu tena na treni ikafika, naondoka nayo, na nitasema ukweli wote." Akainuka, akanipisha kiti.

Nikakaa. Nikafuta alama ya mwanzo, nikaweka ya mbili mbili. Nikafuta ya mwisho, nikaweka ya mbili mbili. Nikarudisha ritifaa. Nikaisoma ile mistari kwa sauti, taratibu, kama tulivyosomeshwa darasa la kwanza, na hapo nikafunga faili nikazima mashine. Ilipokuwa inawaka ilinichelewesha makusudi, naapa, maandishi yakishuka moja moja huku Mashimba akihema kisogoni mwangu. Redio ikalia kriii.

Hapa Mang'ula.

Nilitaka kupiga kelele, lakini sikupewa nafasi. Chini ya tangazo letu ukatokea mstari kutoka Ifakara, na aliyeuandika nilimjua kabla ya kuumaliza.

"Mangula, unanisoma? Jibu."

"Jibu," akasema Anselim. "Haraka, anaita."

Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka mapajani.

"Dada Frida, jibu!"

"Hajatuita sisi."

Anselim akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiti. Kutoka stesheni tukasikia kengele, kisha, mbali, upande wa Kidatu, honi ya treni. Mstari wa pili ukaja. "Mangula, jibu. Anselim, kama upo hapo, jibu." Anselim akanyoosha mkono kupita bega langu, nikaifunika kibodi kwa viganja vyote viwili.

"Atadhani imekufa," akasema. "Amri ni amri. Nikiondoka nayo utakuwa umejifukuza mwenyewe kazi, unaelewa? Kwa sababu ya kialama!"

"Naelewa."

Nilielewa vizuri sana. Nilikuwa nawaza mshahara wangu, na kipima mvua pale nje kitakavyojaa maji ya bure bila mtu wa kukisoma, na mama atakavyouliza kulikoni nimerudi kushika jembe. Lakini niliwaza pia kwamba nikijibu mara hii moja, nitakuwa nimeitika, na mtu akishaitika jina hana tena cha kudai. Nikabaki nimekaa. Mzee aliniambia nikae chini, basi nilikuwa nimekaa.

Anselim akaanza kukunja waya wake wa akiba, polepole. Akauweka kwenye begi. Akasogea hadi kwenye modemu, akaishika, hakuichomoa. Nje treni ilikuwa inaingia, kuta zikawa zinatetemeka, na wauza ndizi walikuwa wanakimbilia madirishani wakipiga kelele.

Na hapo mashine, bila kuambiwa na mtu, ikajitangaza tena kama ilivyopangiwa. Hapa Mang'ula. Matangazo ya kwanza huenda yalimpita kabla hajakaa kwenye skrini, lakini sasa nikajua kwamba wakati ule ule, Ifakara, mbele ya macho ya Mzee Hermenegildi, mstari huo umetokea na ritifaa yake, na kwamba sasa anafahamu kituo ki hai na aliyekaa mbele yake ni nani. Nikamwona kichwani mwangu ameinamia skrini, mzee mwenye hasira zake na seminari yake. Nikasubiri.

Hakuna kilichokuja. Anselim akatazama dirishani, akanitazama mimi. Akaishika ile modemu vizuri zaidi.

Redio ikalia.

"Mang'ula."

Neno moja tu, peke yake kwenye mstari. Anselim akaachia modemu. Kisha mstari mwingine ukafuata, wa mtu anayeandika kwa kidole kimoja: "Mang'ula, haya. Nimeona. Leteni namba za mvua."

Anselim akalidaka begi lake, jepesi kama alivyokuja nalo, akatoka mbio kuiwahi treni, na mlangoni akageuka akasema kitu ambacho sikukisikia kwa ajili ya kelele za mabehewa. Mashimba akakaa chini kwenye kizingiti akajifuta uso kwa kofia yake. Mimi machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nikaandika: "Hapa Mang'ula. Shikamoo mzee."

Redio ikalia.

"Marahaba, binti," akajibu.

Nikampa mvua.